Nimestaafu Kugombea Udiwani

Wenzangu wa rika langu hapa Sumbawanga wamestaafu ualimu, uuguzi, ukarani wa halmashauri. Mimi nimestaafu kugombea. Msicheke. Nimegombea udiwani wa kata yetu mara tatu, kwa tiketi ya chama kidogo ambacho wanachama wake wote wa kata walitosha kwenye mabenchi mawili ya kanisani, na mara zote tatu nimeshindwa. Kiinua mgongo sikupewa. Nilichobaki nacho ni goti la kulia linalouma kila upepo ukivuma, na hapa kwetu Ufipa upepo hauna likizo.

Vijana huwa mnanijia nyumbani, mnaamkia vizuri, shikamoo bibi, halafu swali ni lile lile: eti ulikuwa unagombea huku unajua utashindwa? Marahaba, wajukuu zangu. Ndiyo, nilijua. Mara ya kwanza tu ndiyo sikujua. Sasa nimeona niandike, maana kueleza kila mmoja peke yake kunanimalizia majani ya chai.

Jina langu Leokadia, wengi mnaniita Mama Oskari. Nilikuwa nauza ulezi sokoni na nyumbani kwangu ni ng'ambo ya Kachele, kile kijito kinachoigawa kata yetu. Upande wetu ni mashamba na nyumba za wakulima. Upande wa pili kuna shule, zahanati na kanisa. Wakati ule tulivukia magogo ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya maji. Kiangazi mambo yalikwenda, mtu anavuka hata na ndoo kichwani. Masika maji yalipanda yakayachukua magogo, watoto wakakosa shule mpaka maji yapungue, na mgonjwa akazungushwa kwa njia ya juu, ambayo kwa miguu inakula nusu ya siku.

Mke wa Oskari alijifungulia pale ukingoni, mvua inanyesha, mimi na jirani yangu tumemshikia kitenge juu yake. Mtoto wetu alipona. Masika yaliyofuata ikawa zamu ya yule jirani kumsindikiza binti yake, na mtoto wa binti yake hakupona. Nilimwona akirudi na kichanga mikononi, amekifunga vizuri kabisa kwa kanga mpya aliyokuwa amemnunulia mjukuu. Tangu siku hiyo nikawa nataka daraja. Katika siasa zote sikuwahi kutaka kitu kingine, na mkiniuliza sera ya chama chetu kuhusu mambo ya nje, sijui mpaka leo.

Sasa tuingie kazini. Kitu cha kwanza anachopaswa kujua mgombea wa Ufipa ni kusalimia. Mtaniambia hilo mnalijua tangu mkiwa wadogo. Mnalijua, lakini mkivaa fulana ya chama huwa mnalisahau.

Mara ya kwanza nilipogombea, chama kilinitumia kijana kutoka Mbeya aje anifundishe kampeni. Aliitwa Ambwene, kijana mchangamfu, hodari wa kuongea, na mkononi ana kipaza sauti cha betri. Nikampeleka ng'ambo, kwenye uwanja ambako wanawake walikuwa wanapepeta ulezi. Hata hatujafika vizuri, Ambwene karuka juu ya gogo, kawasha chombo chake: "Wamama, hoyee!" Akarudia kwa nguvu zaidi. Wanawake wakafunika ulezi wao kwa kanga na kumtazama.

Ndipo mama mmoja mtu mzima akaweka ungo chini, akachuchumaa, akapiga makofi yake taratibu kama tunavyosalimiana sisi, na akaanza kumuuliza: habari za safari, habari za huko utokako, mama yako umemwacha mzima, na mahindi ya huko mwaka huu yamekubali? Ambwene yuko juu ya gogo, kipaza sauti kinakoroma, hajui ajibu kwa mdomo au kwa chombo. Mwishowe akashuka. Akachuchumaa naye, suruali yake ya mjini imembana kweli kweli, akajibu moja baada ya jingine mpaka yakaisha. Baada ya hapo walitusikiliza vizuri, isipokuwa upepo ulipokuja. Upepo ukija hotuba inasimama, kila mtu anainua ungo wake, na mgombea mwenye akili naye anaomba ungo. Siku ile nilipepeta kuliko nilivyoongea.

Siku hizi mnafanya kampeni kwenye simu. Sikatai, hata mimi mjukuu kaniingiza kwenye kundi la kata. Naona mnatuma picha yako umekunja mikono, chini maneno "Mambo wana kata, tupo pamoja", na washikaji zako kumi na kitu wanajibu poa, poa, poa. Hao walikuwa wako tangu zamani. Yule mama wa ungo simu yake ni ya tochi, na chaji yake anaitunza kwa ajili ya kumpigia mwanawe aliyeko Mpanda. Kwake huwezi kufika ila kwa miguu, na ukifika, chuchumaa.

Nilisema mara ya kwanza sikujua kwamba nitashindwa. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kila nilipoingia nilipewa kigoda, nikaletewa maji ya kunawa, nikala ugali wa ulezi na maharage, na wakati wa kuagana nikaambiwa: "Tumekusikia, mama. Kura ni zako." Nyumba baada ya nyumba, kura ni zangu. Nikaanza kufikiria nitavaa nini siku ya kuapishwa. Nilimpelekea hata fundi kitambaa. Matokeo yalipobandikwa ukutani pale kituoni, kura zangu zilikuwa chache kuliko sahani za ugali nilizokula.

Nikaenda kwa Mzee Deo. Huyu alikuwa mwenyekiti wetu wa chama wa kata, fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Nilimkuta anaziba pancha. Hakuacha kazi.

"Mzee, wamenidanganya," nikamwambia, na machozi yalikuwa karibu.

"Nani kakudanganya? Umeingia nyumbani kwao, umekalia kigoda chao, unakula ugali wao. Ulitaka wakwambie hapana usoni? We' Mfipa wa wapi?"

"Sasa nitajuaje nani yuko na mimi?"

"Nani alikubishia?"

Nikafikiri. "Yule mama wa ungo. Alisema sisi wote ni wa mwezi wa kura, tukishapata hatuonekani, na hilo daraja tutalisahau."

"Basi huyo alikupa. Mtu anakubishia kwa sababu kuna kitu anategemea kwako. Wale wengine walikuwa wanakuaga."

Maneno hayo yamenisaidia zaidi ya semina zote. Tangu hapo nilipoingia kwenye nyumba nikaambiwa kura ni zako, nilishukuru, nikala, nikaondoka. Nilipoingia kwenye nyumba mtu akaanza kunifokea, nilivua kandambili nikakaa vizuri, maana pale kazi ipo. Vijana wengi mnakimbia wanaowafokea na kwenda kupiga picha na wanaowachekea.

Mara ya pili nilikosea kwingine kabisa. Wabishi wangu nilikuwa nao, nawafahamu kwa majina, wengi wa ng'ambo. Nilikuwa na uhakika nao na walikuwa na uhakika na mimi. Kosa ni kwamba niliwauliza watampa nani, sikuwauliza siku hiyo watakuwa wapi. Mwaka ule mawingu yalifunga mapema, na watu wetu wengi wana vishamba bondeni, kule Milepa na Ilemba, chini ya milima ambako kuna joto na mpunga unakubali. Wiki ya kupiga kura, walipoona wingu, wakafunga majembe kwenye baiskeli wakashuka. Mfipa akiona wingu la kwanza, hata harusi yake mwenyewe anaweza kuiahirisha.

Siku ya kura nilisimama mbali kidogo na kituo, kama sheria inavyotaka, nikatazama foleni. Walikuwa vikongwe, wauguzi, na mwalimu mmoja mwenye mguu mbovu. Wapiga kura wangu walikuwa bondeni wanachoma mabua. Wiki mbili baadaye wakaanza kurudi mmoja mmoja, wananiletea mchele wa kunipa pole. Nilikula ule mchele kwa hasira, ingawa ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kugombea, jua kalenda ya mashamba kabla ya kalenda ya chama. Jua nani ana shamba bondeni, nani anaenda Wampembe kununua dagaa, nani anachoma matofali. Zungumza nao mapema, mwambie mtu: ukishuka, nani atakulindia shamba siku moja urudi? Mara ya tatu tulifanya hivyo. Familia zilipeana zamu za kulinda mashamba, wakapanda mlima nusu nusu kuja kupiga kura.

Hiyo mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuwaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo nilikaribia kuacha.

Mgombea wa chama kikubwa mwaka ule alikuwa Gaspari, mdogo wake marehemu mume wangu. Ni shemeji yangu na ni mtani wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, anaishi huko huko mjini. Mama yake, Bibi Kristina, mama mkwe wangu, alikaa ng'ambo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Gaspari alikuwa mtu mwema. Mama yake akiugua aliagiza gari lizunguke njia ya juu kumchukua, na kwa sababu gari lilikuwepo, hakuona sana tatizo la magogo.

Nilishachukua fomu, nimeshaijaza, wadhamini wameshatia sahihi. Kabla ya siku ya kurudisha, nikaitwa kwa mama mkwe Jumapili baada ya misa. Nikawakuta wazee wa ukoo wameketi, na Gaspari katikati yao amevaa koti.

"Shemeji," akaanza, "ukoo mmoja, kata moja, wagombea wawili? Watu wanatucheka."

"Waache wacheke. Wewe unauza saruji, na mama yako anavuka kwenye magogo. Nawashangaa walivyochelewa kucheka."

Wazee wakaangua kicheko, hata mama mkwe akaficha mdomo kwa kanga. Utani kwetu unaruhusu mengi. Lakini Gaspari hakucheka muda mrefu. Akainama mbele, akaongea polepole.

"Sikia, Mama Oskari. Yule wa chama kingine ameghairi, harudishi fomu. Na wewe usiporudisha, mimi napita bila kupingwa. Hakuna kampeni, hakuna gharama, hakuna maneno kati yetu. Na daraja nitalijenga. Nakuahidi hapa, mbele ya mama."

Bibi Kristina akanigeukia. "Mwanangu, si ndicho ulichokuwa unakitaka? Basi umekipata. Mwachie mdogo wako."

Niwaambie ukweli, nilitamani kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka. Mume wangu alishatangulia, na mjane akigombana na ukoo wa mumewe anakuwa hana pa kuegemea. Na Gaspari hakuwa mwongo. Nikaomba wanipe mpaka kesho yake, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Deo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, gurudumu la mtu liko magotini kwake. Halafu akauliza, "Hiyo ahadi kampa nani?"

"Mimi. Na mama yake, na wazee."

"Haya. Manispaa ina kata nyingi, kila diwani anavutia kwake, hela ni ile ile. Atakayeng'ang'ania kule ndani kwa ajili ya Kachele ni yule anayewaogopa watu wa Kachele. Wewe na mama mkwe wako mtamtisha?"

"Hatuwezi."

"Na watu wa ng'ambo, wao watamdai nini? Hakuwaomba kitu, hawakumpa kitu."

Nilirudi nyumbani nikiyawaza hayo. Kesho yake nikamwambia Gaspari, mbele ya mama yake: "Shemeji, mimi nakubali kuacha. Ila njoo Kachele kabla ya siku ya fomu. Simama pale kwenye magogo, watu wa pande zote mbili wawepo, useme hayo uliyoniambia. Ukishasema, fomu nachana mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Mambo hayana haraka hivyo, shemeji. Ahadi za namna hiyo zina utaratibu wake, kuna chama, kuna ilani. Siwezi kwenda kusimama mtoni kama muuza samaki."

"Basi na mimi nina utaratibu wangu," nikasema, na siku ilipofika nikarudisha fomu.

Jioni ile nikapita kwa mama mkwe. Nikachuchumaa mlangoni, nikapiga makofi, nikamwamkia. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Nikarudia. Akasema, "Umeshachagua. Usinisalimie."

Ninyi wa mjini labda hamjui uzito wake. Kwetu watu wanaweza kugombania mpaka wa shamba na asubuhi wakasalimiana kama kawaida. Kumkatalia mtu salamu ni kumtoa kwenye hesabu ya watu. Kampeni nzima nilipita pale kila asubuhi, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikaendelea na safari bila jibu. Niliumia sana. Kura nilizoea kukosa, lakini hili sikulizoea.

Sikuwa na hela za jukwaa wala muziki, kwa hiyo mikutano yangu niliifanya pale pale kwenye magogo, alasiri, watu wanapotoka sokoni na watoto wanapotoka shule. Hakuna aliyehitaji kuitwa, maana kila mtu lazima apite. Wakitua mizigo kupumzika, tunaongea. Sikuwa natoa hotuba. Niliuliza tu, masika yaliyopita nani alikwama hapa, na wao wakaeleza, kila mtu na lake. Yule jirani yangu akaeleza la mjukuu wake. Aliongea kwa sauti ndogo, na wanaume waliokuwa na mikokoteni walivua kofia.

Baada ya siku kadhaa watu wakaanza kuniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na mwenzako atakuja lini?" Wakawauliza hivyo hivyo vijana wa Gaspari waliokuja kubandika picha. Maneno yakamfikia mjini. Angekuwa peke yake asingekuwa na sababu ya kuja. Lakini alikuwa na mpinzani, na mpinzani anakaa mtoni kila siku, kwa hiyo akaja.

Alikuja na gari mbili na viatu vinavyong'aa. Watu walikuwa wengi upande wa shule, na ng'ambo pia wamesimama, na kati yao nikamwona Bibi Kristina na fimbo yake. Gaspari akataka kuanza kuongea. Yule mama wa ungo akamwambia, kwa heshima zote, "Baba, mama yako yuko kule. Utaongeaje na sisi hujamwamkia?"

Hakuwa na njia. Akavuka. Magogo yale yana ustadi wake, unaweka kisigino kwanza na hutazami maji, na yeye alikuwa amesahau tangu utoto. Katikati akayumba, mikono hewani, watu wote wakaguna kwa pamoja. Hakuna aliyecheka, hata mimi mtani wake sikucheka. Alifika ng'ambo mguu mmoja umelowa mpaka gotini, akachuchumaa mbele ya mama yake akapiga makofi. Alipoinuka nilimwona usoni kwamba ameogopa kweli, na sikumsikitikia.

Akageuka, akaongea kutoka kule kule bila kipaza sauti. "Nitalijenga hili daraja. Mmesikia wote. Nikishindwa, mnifuate nyumbani."

"Nyumbani kwake ni nyuma ya soko," nikapaza sauti kutoka upande huu, "geti la bluu!"

Hapo ndipo walipocheka.

Asubuhi iliyofuata nikapita kwa mama mkwe, nikachuchumaa kama kawaida. Akapiga makofi mara moja. "Marahaba," akasema, akaendelea na kazi yake. Nilitembea mpaka sokoni nikiwa mwepesi.

Gaspari alishinda. Nilipata kura nyingi kuliko nilivyowahi kupata, lakini alishinda vizuri tu, na watu wengi wa ng'ambo walimpa yeye, kwa sababu alivuka. Sikuwalaumu. Mawakala wangu walilia, mimi nikawapikia ugali.

Masika yakaja, hakuna daraja. Magogo yakachukuliwa na maji. Nilifikiri labda niandike barua, au twende tukapige kelele ofisini. Watu wa ng'ambo wakaniambia, wewe kaa, huyu si wako peke yako. Wakaanza kwenda geti la bluu. Walizunguka njia ya juu tangu usiku, wanafika asubuhi matope yamewajaa miguuni, leo familia hii, kesho ile. Hawakugombana naye. Walimsalimia tu. Gaspari anafungua geti, anawakuta wamechuchumaa kwenye baraza, makofi yanapigwa, habari za hapa, watoto wamekwendaje shuleni, biashara inakwenda, na mama kule ng'ambo umepata habari zake? Kwa kuwa sisi tunatoka huko, mzima, ila hawezi kuvuka. Wakimaliza wanaaga na kuondoka. Neno daraja hakuna aliyelitamka.

Mfipa hawezi kumfukuza mtu anayemsalimia. Alijaribu kutoka mapema, wakamkuta dukani, wakamsalimia mbele ya wateja. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alifika mahali akisikia makofi hata yakiwa ya watoto wanaocheza, moyo unamshtuka. Kwenye baraza la madiwani akawa mtu wa jambo moja. Wenzake walimchoka. Kiangazi kilichofuata wakapitisha, wakaongeza na michango yetu ya mawe na mchanga, na saruji nyingine ilitoka dukani kwake mwenyewe bila kuulizwa.

Siku ya kufungua alitoa hotuba ndefu na jina langu halikutajwa, na mimi sikulingojea. Nilipopita akaninong'oneza, "Shemeji, kura nilikushinda, lakini usingizi uliniibia wewe." Mama mkwe alivuka siku ile kwenda kanisani kwa miguu yake. Alishika reli ya chuma kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akanishika mimi.

Sasa mnajua kwa nini niligombea huku najua nitashindwa. Mshindi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, kama Gaspari, na bado asipokuwa na mtu wa kushindana naye hatavuka kuja kwenu. Kazi ya mgombea wa chama kidogo ni kumvusha. Ni kazi ya heshima na haina posho.

Uchaguzi uliopita, Gaspari alikuja nyumbani kwangu kabla ya fomu kutoka. Tulikunywa chai. Nilidhani kaja kuomba nisigombee.

"Shemeji, chukua fomu," akasema.

"Umelewa?"

"Sijalewa. Nikipita bila kupingwa nitalala. Najijua."

Nikamwonyesha goti langu. Nikamwambia nitatafuta kijana. Nikatafuta kweli, wajukuu zangu, baadhi yenu mnaosoma hapa ni wale niliowafuata. Mmoja aliniambia bibi, siasa haina maslahi. Mwingine alisema atafikiria, na bado anafikiria. Mzee Deo alishafariki, na chama chetu mabenchi yake mawili yamekuwa moja. Siku ya kurudisha fomu ilipita, na Gaspari akatangazwa kapita bila kupingwa.

Miezi ya kampeni ikaja. Kwingine tulisikia muziki na magari. Kwetu hakuna aliyekuja, kwa kuwa hapakuwa na cha kuomba. Alasiri moja nilimkuta mama mkwe, mzee sana sasa, ameketi nje amevaa kitenge chake cha sikukuu, kiti cha mgeni kipo pembeni yake, kimefutwa vumbi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza anamngoja nani.

"Wagombea," akasema. "Mwaka huu wamechelewa."

"Hawaji, mama. Diwani ameshapita."

Akafikiri kidogo, anatazama njia. "Daraja linaliwa na maji huku kwetu, udongo umeanza kuondoka chini ya nguzo. Gaspari nikimwambia anasema halina haraka. Nilitaka niwaambie wao." Akanigeukia. "Sasa nitamwambia nani?"